Nyumba Iliyorukwa

Nyumbani kwetu Bukiriro tulisali rozari kila jioni kabla ya kula, na kila tulipofika kwenye Baba Yetu mama alikuwa anakatika katikati. Alianza nasi vizuri, sauti yake ikiwa juu kuliko zetu zote, akaomba ufalme uje, akaomba mkate wa kila siku, halafu pale pa kuomba tusamehewe kama na sisi tunavyosamehe alinyamaza. Alifumba mdomo kabisa. Tulipofika kwenye vishawishi alijiunga tena kana kwamba alikuwa ameinama kidogo kuokota kitu. Rozari ina Baba Yetu nyingi, kwa hiyo shimo lile tulilivuka tena na tena kila jioni, na mimi nilikuwa nayaharakisha maneno hayo yaishe, kwa sababu niliogopa kuyasikia bila sauti yake.

Hakuna aliyeuliza sababu. Sababu ilikuwa imelala nyuma ya nyumba, penye mwisho wa migomba, chini ya msalaba wa mbao ambao mama aliubadilisha kila ulipoliwa na mchwa.

Kaka yangu alikuwa mkubwa wetu. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo kaka ndiye aliyepanda juu ya bati likivuja na ndiye aliyeitwa na majirani wakitaka kukamua ndizi, maana mikono yake ilikuwa na nguvu. Siku moja alikwenda kukamua kwa mjane aliyeishi ng'ambo ya mpaka wetu wa miti ya minyaa. Adhuhuri haijafika akarudi ameshika tumbo. Alitapika, akalala kitandani amekunja magoti, na ilipofika jioni akina mama walikuwa wamejaa uani na tayari walikuwa na jibu.

Kwetu mtu akiumwa tumbo ghafla haulizwi anaumwa wapi, anaulizwa amekula wapi. Ndiyo maana mwenyeji akikupa kinywaji anaonja yeye kwanza, akameza ukimwona, ndipo anakupa kikombe. Hakuna anayeona ni tusi. Hata padri akitutembelea tunaonja kwanza, naye anangoja kwa utulivu tumeze. Mimi nilikua nikidhani dunia nzima inafanya hivyo, mpaka nilipoolewa Biharamulo nikaonja chai ya wakwe zangu kabla ya kuwapa, wakanicheka siku nzima.

Kaka alikuwa amekunywa juisi ya ndizi kwa yule mjane. Basi, hapakuwa na la kutafuta zaidi. Walimpeleka Kibimba kwa mzee mmoja aliyesifika kwa kutapisha watu sumu kwa majani. Alitapishwa mpaka ikawa hakuna tena cha kutoka. Walipoamua kumkimbiza hospitali hakuweza hata kuguswa tumbo, na daktari aliyempasua alimwambia mama kwamba ndani kulikuwa kumeoza. Mama alirudi na mwili wa mwanawe na neno hilo moja. Kumeoza. Kwa mtu ambaye alishajua kilichotokea, ushahidi gani tena ulihitajika?

Nilikuwa bado shule ya msingi. Nakumbuka matanga vibaya, vipande vipande, lakini nakumbuka vizuri kilichokuja baadaye. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo husali kila wiki nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu ilipofika kwa yule mjane, mtu mmoja alisema ana mgonjwa na angependa jumuiya ije kwake. Safari nyingine ilisemekana mvua imeharibu njia ya kwake, wakati ni njia ile ile inayopita kwetu. Mwishowe hakuna aliyejisumbua kutoa visingizio, zamu ilifika kwa jirani yake wa kushoto na wiki iliyofuata ikawa kwa jirani yake wa kulia, na hao majirani wa kushoto tulikuwa sisi. Mwenyewe aliendelea kuja kusali kwa wengine. Alikaa kwenye benchi na benchi lote likawa lake. Kukiwa na msiba alileta maharage kwenye chungu, watu wakapokea na kusema asante mama, kisha maharage yakamwagwa nyuma ya choo. Mbwa wa kijiji walinenepa kwa mkono wa mwanamke yule na hakuna mbwa aliyekufa, lakini hilo halikumfikirisha mtu.

Mama alitukataza kumsalimia. Mtoto wa kwetu kupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo ni jambo la kuchapwa, lakini kwa huyu tuliruhusiwa, tuliamriwa. Nilikuwa napita njiani nikienda shule na yeye yuko shambani, ninaangalia mbele, nimefunga mdomo kama mama kwenye Baba Yetu. Naye alikuwa ananyanyuka, jembe mkononi, anasema, "Marahaba, mwanangu." Anaitikia shikamoo ambayo sikuitoa. Kila asubuhi. Nilikimbia mpaka nikafika shule nikihema, na darasani sauti ile iliendelea kunifuata. Nilimwogopa kuliko kitu chochote, na sasa ninapokumbuka sijui kama nilimwogopa kwa ajili ya sumu au kwa ajili ya upole ule.

Nimeolewa Runazi, huko huko Biharamulo, nina duka dogo la sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na kanisani siko nyuma. Lakini nitasema ukweli: nikisali na watoto wangu, pale penye msamaha ulimi wangu husita. Sina ugomvi na mtu. Ni mazoea tu, shimo la nyumbani kwetu nimehama nalo. Watoto hunitazama, nami huongeza sauti ili wasiulize. Wahubiri wanapenda kusema imani inarithiwa kwa wazazi. Kweli, na mashimo yake pia.

Hapo Runazi ndipo nilipojua. Mtoto wa shemeji yangu alianza kuumwa kitovuni, maumivu yakashuka upande wa kulia, akalala amekunja magoti asiweze kunyoosha mguu. Wakwe zangu hawakuuliza amekula wapi. Walimweka kwenye pikipiki wakampeleka hospitali, akapasuliwa kidole tumbo, na muda si mrefu alikuwa anagombania ugali na wenzake. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake muuguzi alipoeleza jinsi ugonjwa unavyoanza, unavyohama, na kinachotokea mgonjwa akicheleweshwa: kinapasuka, ndani kunaoza. Nilishika chuma cha kitanda. Magoti yale niliyafahamu.

Nilimpigia mama. Nilimweleza polepole, kwa Kihangaza chetu, nikidhani namletea habari njema, kwamba hakuna aliyemuua mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Alikata simu, na tangu hapo nikampigia wiki baada ya wiki bila kupokelewa. Nilikasirika sana. Niliona ni ukaidi wa uzee, na nikasema maneno mengi mbele ya mume wangu ambayo namshukuru Mungu mama hakuyasikia. Sikuelewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokishikilia miaka yote asianguke.

Kwaresima iliyopita mama ndiye aliyenipigia. Jumuiya ilikuwa imepata mwenyekiti mpya, mama mmoja asiye na subira na upuuzi, aliyetangaza kwamba nyumba hairukwi tena. Mjane alikuwa amevimba miguu, haendi popote. Alhamisi jumuiya ingesali kwake.

"Njoo," mama alisema. "Sitaki kuingia mule peke yangu."

"Utakwenda kufanya nini, mama?"

"Kumsamehe."

Ndipo aliponiambia kitu ambacho nilikiona kwa macho maisha yangu yote bila kukijua. Tangu kaka azikwe hajapokea Komunyo. Kila Jumapili watu walipopanda altareni yeye alibaki kwenye benchi akiinamia rozari yake, nasi tulidhani ni magoti, wengine walidhani ni mambo ya ndoa. Hakuweza kumsamehe mwanamke yule, na hakuweza kumdanganya Mungu kwa kusema amesamehe. Sasa amezeeka, anaota ndoto anakufa na mdomo mtupu. Alitaka Pasaka hii apokee.

"Lakini mama," nikasema, maana mdomo wangu haujawahi kutulia, "utamsameheje mtu kosa ambalo hakulifanya?"

"Usinifundishe mwanangu alikufaje. Unakuja au huji?"

Nilimwachia jirani yangu Mwislamu funguo za duka, nikaenda.

Nyumba ile sikuwahi kuingia. Ilikuwa ndogo, imefagiliwa, sakafu imesiribwa upya kwa udongo, na harufu ya ubichi wake ilinifanya nifikirie kaburi. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mikubwa, inang'aa. Mwenyekiti aliingia na kusema, "Tumsifu Yesu Kristo," naye akaitika, "Milele na milele," kwa sauti ya mtu aliyengoja muda mrefu kusema hivyo nyumbani kwake. Waliokuja tulikuwa wachache. Wengine walipatwa na wagonjwa siku hiyo hiyo.

Mama hakukaa. Alisimama mlangoni wakati wote wa somo na maombi. Tulipofika kwenye Baba Yetu nilimshika mkono, na pale mahali pake pa siku zote nikahisi kucha zake zinaniingia, akasema. Alisema yote, kwa sauti ya juu, kama mtu anayevuka mto huku anapiga kelele ili asiogope. Amina ilipoisha alimtazama mjane.

"Ulimuua mwanangu," alisema. "Leo, mbele ya Mungu na jumuiya hii, nimekusamehe."

Mjane alimwangalia.

"Haya," alijibu. "Sasa kaa chini. Unaniziba mwanga."

Alikuwa amepika. Sijui aliwezaje na miguu ile. Kulikuwa na ndizi, maharage, na jagi la juisi ya ndizi. Alionja kila kitu. Alichukua punje ya maharage, akatafuna. Akamega ndizi, akameza. Akamimina juisi kwenye kikombe, akanywa, akangoja, akatuonyesha hata mdomo uliokuwa mtupu. Kisha akanyoosha kikombe kuelekea kwetu na mkono ukabaki hewani. Mmoja alianza kutafuta wimbo kitabuni. Mwenyekiti, yule asiye na subira, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mama alikipokea. Mimi niliyempigia simu kumfundisha habari za kidole tumbo, mimi niliyesimama kando ya kitanda hospitali, nilitaka kumpokonya kile kikombe. Kichwa changu kilijua, mwili wangu haukujua. Mama alikunywa yote. Alipomaliza nilimiminiwa na mimi, nikanywa. Ilikuwa tamu sana, na ndani yake mlikuwa na harufu ya nyasi za kukamulia.

Watu walikula kidogo kidogo wakaaga. Mama alipoinuka, mjane alimzuia.

"Wewe bakia. Na binti yako abaki, usije ukasema nimekulisha kitu nyuma ya mgongo wake." Alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Mwanao alifika hapa ameshaanza kuumwa. Hakukamua hata ndizi moja. Alikaa pale nje kwenye mtumbwi wa kukamulia, jasho linamtoka, akasema hajala tangu jana. Nikampa juisi kidogo apate nguvu za kurudi kwako. Hiyo ndiyo sumu yangu."

Mjane alijisogeza kwenye mkeka, akamgeukia mama.

"Na siku mlipombeba kwenda Kibimba nilikuja uani kwako. Nilisema mpelekeni hospitali."

Nilingoja mama aseme mwongo mkubwa wewe. Nilimjua mama yangu. Badala yake alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilikusikia."

Akarudia. "Nilikusikia. Na waliombeba walitaka kwenda hospitali. Tulipofika njia panda walisimama na machela, wakaniuliza. Mimi nikafikiri, huyu mwanamke kwa nini anataka hospitali? Anataka tumpeleke mbali na dawa. Ungenyamaza, labda ningekubali. Kwa sababu ulisema wewe, nikasema Kibimba."

Nilikuwa nimekaa katikati yao na nilitamani kuwa Runazi nyuma ya meza yangu ya duka, napima chumvi. Nilielewa kwa nini alikata simu ile. Siku zote alikuwa anajua. Alimhitaji mwanamke huyu awe muuaji kama mtu anavyohitaji ukuta wa kuegemea, kwa sababu nyuma ya ukuta huo alikuwa amesimama yeye mwenyewe pale njia panda.

Hasira zangu zilitafuta pa kwenda zikampata mjane. "Mbona hukusema? Walikumwagia chakula miaka yote. Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini kwa mtu aliyetoka kuzika?" alinijibu. "Kwamba amemchelewesha mwenyewe? Nilikuja mpaka kwenye minyaa nimwambie. Nilikuwa na hasira, nilitaka kusema. Nikamwona amekaa kaburini, anang'oa majani. Nikarudi. Nikaja tena siku nyingine, nikarudi tena. Baadaye nikazoea." Alijikuna mguu. "Na usinitazame hivyo kama sanamu ya kanisani. Nilimtukana mama yako kila siku ya Mungu. Kimoyomoyo."

Tangu utotoni nimefundishwa kwamba kuna aliyebeba dhambi isiyokuwa yake ili sisi tuwe huru, na niliitikia amina bila shida, kwa sababu ilikuwa zamani na mbali. Sikuwahi kufikiria kwamba mzigo wa namna hiyo unaweza kubebwa na mtu wa ng'ambo ya minyaa, mwenye matusi moyoni, huku sisi tukimwaga maharage yake. Niliogopa. Bado naogopa nikifikiria ni nani mwingine anatubebea na sisi hatumsalimii.

"Sasa nifanye nini?" mama aliuliza.

"Kesho lete maji," mjane alisema. "Miguu hii haifiki tena kisimani."

Nilirudi Runazi. Mama alipeleka maji kila siku. Majirani waliniambia kwenye simu kwamba anakwenda asubuhi, anakaa muda mrefu, na kwamba haongei na mtu. Nilifurahi nikadhani mambo yameisha vizuri. Nilikwenda kwetu Pasaka na watoto wangu ili nimwone akipokea Komunyo.

Hakupokea. Watu walipanda altareni, kwaya inaimba, watoto wangu wamevaa nguo mpya, na mama alibaki kwenye benchi ameinamia rozari. Nilirudi mahali pangu nimejaa hasira, nikashindwa hata kusali. Asubuhi ya pili nilimkuta anajitwisha ndoo.

"Umesema umesamehe, mbele za watu," nilimwambia. "Nini tena? Kama ni lile la njia panda, nenda ukaungame."

"Nimeungama," alisema. "Padri ameniambia Mungu amenisamehe. Namwamini." Alishika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili. "Huyu mwenzangu nilimsamehe bure, hakuwa na kosa. Aliyemuua mwanangu ndiye bado sijamsamehe. Na Mungu akitaka anisubiri, akitaka asinisubiri."

Akaanza kutembea. Nilimpita mbio kwa njia ya mkato katikati ya migomba, nikaingia kwa mjane bila hodi, nikamwambia yote jinsi mama alivyosema. Sikujua namtakia nini. Nadhani nilitaka mtu mzima amkaripie kwa niaba yangu.

Mjane alikuwa amelala. Sasa uso nao ulikuwa umevimba, na alisema kwa shida.

"Nani aliyeumia kwa jambo lile? Si mwanawe aliyekufa, na mimi niliyebaki? Mwanawe hana ugomvi na mtu tena. Na mimi nimemsamehe, nimekunywa maji yake." Alipumzika. "Mungu amesamehe, padri amesema, mimi nimesema. Amebaki yeye tu. Mwulize anaringa nini."

Nilikutana na mama njiani, karibu na minyaa. Nilimfikishia maneno hayo kama yalivyo, hata lile la kuringa, ambalo mtoto hapaswi kumwambia mama yake. Alisimama. Alitua ndoo chini taratibu, hata tone halikumwagika, akakaa kwenye vumbi pembeni yake akiwa na kanga yake ya Pasaka. Halafu akaanza kumwita kaka yangu kwa jina, jina ambalo nyumbani kwetu halikutamkwa tangu tulipomzika, akamwita kwa sauti kama anavyoitwa mtu aliye shamba la mbali, akalia, akamwomba msamaha, akamwita tena. Watoto wangu walitoka nyumbani wakatukimbilia, wakaniuliza huyo anayeitwa ni nani. Niliwaambia ni mjomba wenu, kaeni hapa na bibi. Kisha nikajitwisha ile ndoo nikaipeleka, maana yule mwingine alikuwa anasubiri maji.